Rimoti ya gari imekataa na betri nimebadilisha juzi tu

Salamu sana Fundi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbale, Vihiga, na naandika nikiwa na hasira kidogo, utanisamehe kama nitaruka ruka. Niko na Honda Fit haibridi ya 2014, ile ya kubonyeza kitufe ndio iwake, nilinunua kwa mtu mwaka jana na pesa za sacco ambazo bado nakatwa kwa mshahara. Ilikuja na rimoti moja, mwenyewe akaniambia ile ya pili haikutoka nayo Japani.

Sasa Jumapili wiki mbili zimepita nilishuka Kisumu, Kibuye, kununua nguo za shule za watoto, na unajua Kibuye siku ya Jumapili vile inakuwa. Nikatoka na mifuko miwili mikubwa, kijana wangu wa miaka minne mgongoni amelala, jua la saa nane, nafika kwa gari nabonyeza rimoti, kimya. Nabonyeza kale kakitufe ka kwa hendeli, kimya. Dakika tano nilikuwa nimezungukwa na watu kumi na kila mtu ni daktari wa magari. Mmoja ananiambia itoe betri uisugue kwa suruali, mwingine eti iweke kwa jua, mwingine akaichukua kabisa akaipuliza kama kaseti. Na askari wa kanjo amesimama hapo anauliza nitatoa gari saa ngapi kwa sababu muda wa kupaki umeisha.

Mwishowe kijana fulani akakuja na waya na kabari ya mbao, akafungua mlango, 1,500. King'ora kikalia mpaka wauza viatu wakasimama kuangalia. Nimeingia ndani nabonyeza kitufe, gari haiwaki, inachora tu picha ya funguo na maandishi ya Kijapani. Ikabidi ni bredauni mpaka gereji moja Kondele, 4,500 hizo zimeenda. Na mpira wa mlango tangu hiyo siku umepinda, nikipanda kurudi nyumbani upepo unapiga mluzi kwa sikio yangu hadi Mbale.

Kesho yake nikabadilisha betri ya rimoti kwa duka la simu. Ile ya zamani ilikuwa imeandikwa CR2032, kijana wa duka akasema hana, akanipa CR2025, akaniambia ni kitu moja zote ni volti tatu. Shilingi 150. Na ikafanya kazi hapo hapo Fundi! Nikaendesha mpaka nyumbani nikiimba. Siku mbili, ikaanza tena. Sasa iko hivi, saa zingine inashika, saa zingine inakataa kabisa mpaka niifinye na vidole viwili kwa nguvu hapo katikati, ama niigonge kwa paja ndio inaamka. Juzi nimefanya hivyo wanafunzi wa darasa la sita wakiniangalia kwa dirisha.

Ile gereji inasema kompyuta ya gari imesahau funguo, wanataka 18,000 waifundishe upya na nusu iingie kwanza. Mzee wangu anasema hapana, ni betri ya gari. Shemeji naye anasema ni kijana wangu ameiharibu kwa sababu tukiwa sebuleni anapenda kuibonyeza bonyeza. Mimi nimechoka na nadaiwa karo. Nilipe hiyo pesa ama niache?

Na nilikuwa nasahau, kabla ya hii mambo ya Kibuye ile picha ya funguo ilikuwa inatokea kwa dashibodi na Kijapani chake kama wiki tatu hivi, mimi nikadhani gari inaomba sevisi.

Mwalimu, Mbale


Mwalimu, pole sana, na usilipe. Hata hiyo nusu usitume. Kama umeshatuma, piga simu sasa hivi ukitumia ile sauti ya darasani.

Nimefanya umeme wa magari hapa Nakuru miaka mingi na barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu jibu umeliandika wewe mwenyewe ukapita nalo. Gari ikiwa kweli imesahau funguo haiwezi kuikumbuka eti kwa sababu umefinya plastiki. Kusahau ni kusahau, ungefinya mpaka kesho. Kitu kinachoamka ukifinya na kulala ukiachilia ni kitu ambacho hakigusani vizuri ndani, na wewe umenipa mpaka namba zake.

Hizo namba za betri watu wengi wanadhani ni jina tu la kampuni, hapana, ni vipimo. CR2032 ni betri ya upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2. CR2025 ni milimita 20 vile vile lakini unene ni 2.5. Kijana wa duka hakudanganya kwa volti, zote ni tatu kweli, na ndio maana ilishika pale pale mkiwa kaunta. Lakini umebaki na nafasi ya milimita 0.7 ndani ya rimoti, na hiyo kwa kitu kidogo namna hiyo ni kama kuvaa kiatu cha mzee wako, utatembea nacho lakini kisigino kinaruka. Kile kiulimi cha chuma kinachokaa juu ya betri kimetengenezwa kisukumane na betri nene. Ukiweka nyembamba kinagusa nusu nusu, ukitembea kinaachana, ukigonga kwa paja kinarudi. Na hiyo nyembamba hata umeme inabeba kidogo kuliko nene, kwa hivyo hata ingekaa vizuri ingekuchosha mapema.

Sasa fanya hivi jioni, ukiwa mezani na taa nzuri, na kijana awe amelala. Kwa upande wa rimoti kuna kakufuli kadogo ka kusukuma, kasukume, utavuta na kipande cha chuma kitatoka. Kiweke kando, nitarudi kwacho na kitakuuma roho. Hapo kilipotoka utaona pengo. Chukua sarafu, ifunge na kitambaa chembamba ili isikwaruze, ingiza kwa pengo uzungushe polepole mpaka plastiki zitengane, usitumie kisu, nimeona vidole vya watu vikishonwa kwa sababu ya kisu. Kabla hujatoa chochote piga picha na simu uone betri imelala vipi, upande wa alama ya kujumlisha uko juu ama chini, kwa sababu ukikosea hapo utaniandikia barua ya pili.

Angalia kile kiulimi cha chuma. Kinafaa kuwa kinang'aa na kimeinuka kidogo. Kama hao madaktari wako wa Kibuye walikikandamiza, kiinue na ncha ya sindano, kidogo sana, kama vile unainua kope. Kama kuna kitu cha kijani ama cheupe kama unga kimeota hapo, chukua pamba na spiriti ile ya duka la dawa usafishe, uache ikauke kabisa. Nilikuwa na mteja mmoja mama wa samaki, rimoti yake alikuwa anaiweka kifuani kwa leso pamoja na pesa, jasho na maji ya samaki kila siku, kuifungua nikapata ndani imeota kijani kama ukuta wa bafu. Tulisafisha na spiriti tu na mswaki wa mtoto, ikafanya kazi. Gereji ingine ilikuwa imemwambia anunue mpya.

Weka CR2032 halisi. Nunua ile ya kwenye pakiti iliyofungwa kwa duka lenye mauzo, usinunue ile imekaa kwa glasi ya kaunta na jua miaka miwili, hizo huwa zimeshaanza kufa zikiwa mpya. Kama kuna stika ya plastiki juu yake itoe, usicheke, watu na digrii zao wanasahau. Na zingine siku hizi zimepakwa dawa chungu ili mtoto akiitia mdomoni aiteme, wazo zuri kabisa, lakini hiyo dawa kwa rimoti zingine inazuia mguso, kwa hivyo ukiona betri mpya kabisa inasumbua ifute na kitambaa chenye spiriti ama ujaribu ya aina ingine. Kuna fundi atakuambia ubaki na hiyo ya 2025 akuwekee karatasi ya sigara ile ya kung'aa kujaza nafasi. Mkatalie. Ile karatasi ikisonga kidogo inaunganisha pande mbili za betri na kuimaliza, ama inagusa mahali haifai kwa bodi, halafu hapo ndio utalipa 18,000 za haki.

Ukimaliza bonyeza na uangalie kale kataa kekundu ka rimoti. Kakiwaka vizuri kila mara bila kufinya, tumemaliza hiyo kesi.

Sasa ile Kijapani. Hiyo picha ya funguo wiki tatu ilikuwa gari inakuambia betri ya rimoti inaisha. Si wewe peke yako, nusu ya magari yanayopita hapa kwangu yanalia Kijapani na wenyewe wanaendesha tu. Chukua simu, fungua ile programu ya kutafsiri yenye kamera, uielekeze kwa dashibodi, utashangaa gari imekuwa ikikuambia nini. Kuna mzee mmoja hapa aligundua gari imekuwa ikimkumbusha asisahau kadi ya barabara kuu za Japani kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Haya, kile kipande cha chuma. Mwalimu, hiyo ni funguo. Ilikuwa mkononi mwako Kibuye wakati kijana anapindua mlango wako na kabari. Mlango wa dereva wa Fit una tundu la funguo, unaingiza, unazungusha, unaingia kama mtu wa 1995. King'ora pengine kingelia, usijali, hunyamaza gari ikishatambua rimoti. Nakuambia si kukucheka, nakuambia kwa sababu hiyo 1,500 na huo mluzi wa mlango vimetokana na kitu ambacho hakuna mtu huambia mnunuzi, anapewa rimoti na pongezi basi. Kipimie leo kwa mlango. Tundu lisilotumika miaka hukauka na kujaa vumbi, kama ni ngumu usilazimishe ukakivunjia ndani, puliza unga wa grafaiti ama dawa ya kulainisha kufuli kisha ujaribu tena.

Na hata bredauni haikuhitajika. Ndani ya rimoti kuna kachipu kengine kadogo ambako hakatumii betri kabisa, kanaamshwa na umeme kidogo unaotoka kwa gari yenyewe ikiwa karibu sana. Gari ikikataa kwa sababu betri ya rimoti imekufa, kwa Fit yako unafanya hivi: bonyeza kile kitufe cha kuwasha, kitaanza kumetameta, chukua rimoti vitufe vikiwa vinakuangalia wewe, na ile alama ya H ya mgongoni uigusishe katikati ya kitufe. Utasikia mlio, kitufe kitaacha kumetameta, kanyaga breki ubonyeze ndani ya sekunde kumi. Inawaka. Bila betri. Fanya hiyo mara moja leo ukiwa kwa boma ili siku ingine mikono isitetemeke mbele ya watu. Wenye Toyota za kubonyeza nao wana njia inayofanana, mguu kwa breki na alama ya rimoti ikigusa kitufe, na gari zingine zina kishimo maalum cha kuitumbukiza, kitabu cha gari kinasema, kama kitabu nacho si Kijapani.

Mzee wako mwambie kwa heshima kwamba wazo lake si baya ila hapa halishiki. Betri ya gari ikilala ni kweli rimoti haifungui kitu, na haibridi pia ina ile betri ndogo ya volti 12 ambayo watu wanasahau iko. Lakini ingekuwa hiyo, ukiingia ndani taa ya juu ingekuwa hafifu, honi ingekuwa na mafua, na dashibodi isingekuchorea picha vizuri vile. King'ora kililia mpaka wauza viatu wakasimama, hiyo ni betri nzima. Akitaka kuhakikisha apime asubuhi kabla gari haijawashwa, volti 12.6 iko sawa, ikishuka chini ya 12 hapo tuongee.

Kwa kijana, shemeji ana robo ya ukweli. Rimoti kila ukiibonyeza inatuma namba mpya, haitumii ile ile ya jana, ndio mwizi asinakili. Gari nayo inasubiri namba zinazofuata, na ina subira kwa hatua kadhaa mbele. Mtoto akibonyeza mara nyingi sana sebuleni mbali na gari, rimoti inaenda mbele na gari inabaki nyuma, lakini kwa kawaida ukisimama kando ya gari ukabonyeza mara mbili tatu zinakutana tena. Isitoshe hiyo ingekataa kabisa, isingesikiza kufinywa. Alichofanya kijana ni kumaliza betri mapema, basi.

Kitu kinachonitia wasiwasi juu yake ni kingine. Una betri ya zamani, una hii ya 2025, na utanunua nyingine, na yuko na miaka minne. Hizi za milimita 20 mtoto akimeza zinaweza kukwama kooni na kuanza kuchoma nyama kwa ndani, saa mbili tu zinatosha kuleta madhara mabaya, na anaweza kuwa anakohoa tu kama mwenye homa. Ukishuku hata kidogo usimtapishe, usingoje itoke na choo, kimbia pale hospitali ya rufaa ya kaunti hapo Mbale na useme neno betri mlangoni. Hizo kuukuu zifunge na selotepu pande zote leo uzitoe nyumbani. Na rimoti apewe ya TV iliyokufa, ukiwa umeitoa betri zake pia.

Kama utaweka 2032 nzuri, kiulimi kimesimama, na bado kataa kekundu kanataka kufinywa, basi ni zile swichi ndogo kwa bodi, risasi ya kuchomelea inayozishika hupasuka kwa miaka ya kubonyezwa na kuanguka sakafuni. Hiyo ni kazi ya fundi wa simu mwenye mkono mtulivu, si ya gereji, atachoma risasi upya mbele yako na ni pesa ya soda na chai. Hako kataa kekundu kakiwaka vizuri na gari haisikii, hapo ndio sasa unaita fundi wa funguo mwenye mashine aipime rimoti kama inatoa mawimbi kabla ya kugusa kompyuta ya mtu. Kupima ni dakika moja.

Pesa zako zikipata nafasi, si leo, baada ya karo, tengeneza rimoti ya pili. Una moja tu na hiyo ndiyo shida yako kubwa kuliko hii yote, kwa sababu kuongeza ya pili ukiwa na ya kwanza ni kazi ya kawaida lakini ukipoteza hiyo moja ndio kompyuta inaguswa kweli, na bei inaongea lugha ingine. Ukinunua kwa mtandao kuwa makini na mawimbi, magari mengi yaliyotoka Japani rimoti zake ziko karibu na megahezi 315, yale ya Uingereza ni 433, na zinafanana kwa nje kama mapacha. Mpe fundi aangalie namba za bodi yako kwanza ndio aagize. Usikubali alipwe kabla haijafungua mlango, ikawasha gari, na ile yako ya zamani nayo bado inafanya.

Mpira wa mlango usinunue mpya. Fungua mlango uuvute mkono kwa mkono kuanzia pale juu ulipopinda, mara nyingi umetoka tu kwa njia yake, urudishe ukiusukuma na kiganja. Ukiona ni bati ya mlango yenyewe imepinda kwa juu, kuna mafundi wa bodi Kisumu wanairudisha na goti na kitambaa, mimi nimeona kwa macho yangu, lakini mtu awe ameketi ndani akitazama mwanga unaopita.

Niandikie ukishaweka hiyo betri. Na hiyo picha ya dashibodi kama bado inatokea nitumie nikusomee, nina kijana hapa gereji amejifunza Kijapani cha magari peke yake.